Utitiri, chawa na minyoo kwa kuku wa nyumbani: mwongozo kamili kwa sisi wa Nyanda za Juu Kusini

Kuku akianza kukonda, kujidonoadonoa na kupunguza mayai, wengi wetu tunaenda moja kwa moja duka la dawa za mifugo, iwe Mwanjelwa, Makambako au popote ulipo, tunasema "nipe dawa ya wadudu wa kuku", tunapewa unga, tunampaka kuku, halafu wiki mbili baadae wadudu wapo vilevile na tunaanza kusema dawa ni feki. Mara nyingi dawa haina shida. Shida ni kwamba tumempaka kuku wakati mdudu mwenyewe hakai kwa kuku, anakaa kwenye ufa wa ukuta au ndani ya mwanzi wanaolalia, anatoka usiku kunywa damu na kurudi kwake. Kwa hiyo kabla hujatoa hela, jibu swali moja tu: huyu mdudu anakaa wapi? Utitiri mwekundu anakaa bandani. Chawa anakaa kwenye manyoya. Utitiri wa miguu yupo chini ya magamba ya mguu. Minyoo ipo tumboni ila mayai yake yapo kwenye udongo wa uwanja wako. Ukishajua anapokaa unampiga hapohapo.

Huku kwetu hali ya hewa nayo inachangia sana. Kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane Njombe, Makete, Mufindi na Mbeya baridi ni kali, watu wanaziba mabanda kila tundu na wengine wanawalaza kuku jikoni kabisa, kuku wanabanana usiku kucha na chawa wanahama kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine bila shida. Utitiri mwekundu baridi inampunguza kasi, ila jikoni kuna joto la mafiga kwa hiyo yeye anaendelea na maisha, na akikosa kuku anauma watu, ndo unakuta watoto wanaamka na vipele mikononi na kiunoni mnadhani ni kunguni. Halafu mvua zikianza mwezi wa 11 mpaka wa nne udongo unakuwa na unyevu muda wote na mayai ya minyoo yanapata mazingira mazuri kabisa.

Kwanza kabisa: kagua, mchana na usiku

Usikague kuku mmoja ukaridhika, kamata wanne watano, na wawemo wanaoatamia kwa sababu hao ndo wanaoshambuliwa zaidi, wamekaa sehemu moja wiki tatu. Mshike kuku umgeuze taratibu, fungua manyoya kuzunguka sehemu ya haja, chini ya mabawa, mapajani na shingoni, fungua haraka kwa sababu wadudu wanakimbia mwanga.

Ukiona wadudu bapa, rangi ya njano iliyofifia kama majani makavu, wanakimbia kwenye ngozi, hao ni chawa. Angalia na mashina ya manyoya, mayai ya chawa yanaganda pale chini kama vifundo vyeupe. Chawa wa kuku anatafuna ngozi na manyoya na hawezi kuishi kwa binadamu, kwa hiyo hata wakikupanda mkononi usiogope, nawa tu.

Ukiona vidoa vidogo sana vyeusi au vyekundu vinatembea, na manyoya ya sehemu ya haja yamekuwa meusi machafu na ngozi ina magaga, huyo ni utitiri anayekaa kwenye kuku mwenyewe muda wote.

Ukiona vidoa vyeusi vimeganda kwenye upanga wa kichwani, usoni na kuzunguka macho na havisogei hata ukivigusa, hao ni viroboto. Na ukiona magamba ya miguu yameinuka, yamejaa ukoko mweupe kama amekanyaga unga, huo ni utitiri wa miguu.

Sasa usikague mchana tu ukasema banda lako ni safi. Utitiri mwekundu mchana humuoni kwa kuku hata kidogo. Ingia bandani saa tatu saa nne usiku na tochi, chukua karatasi nyeupe au tishu, pitisha kwa nguvu chini ya fito wanazolalia. Ikitoka na michirizi ya damu, tayari. Mchana wake angalia ncha za fito, maungio ya mbao na nyuma ya viota, utaona kama vumbi la kijivu lililochanganyika na pilipili manga, hayo ni magamba na uchafu wao. Dalili nyingine ni mayai kuwa na vidoa vya damu kwenye ganda, kuku kugoma kuingia bandani jioni na kutaka kulala mtini, na kuku anayeatamia kuacha mayai yake. Kuku akiacha mayai usimlaumu wala usikimbilie kumchinja, angalia kiota kwanza.

Malizia kwa kupapasa kidari. Kuku mwenye afya ana nyama pande zote mbili za mfupa wa kidari, kuku mwenye minyoo mingi mfupa umechongoka kama kisu. Upanga ukiwa umepauka, ana upungufu wa damu, na hapo inaweza kuwa minyoo, utitiri au vyote kwa pamoja.

Utitiri mwekundu: hapa tibu banda

Nakaa sana hapa kwa sababu huyu ndo anayewashinda wengi. Kukiwa na joto anaweza kutoka yai hadi kuwa mkubwa ndani ya wiki moja hivi, na asipopata damu anaweza kuvumilia miezi mingi, mpaka nane. Kwa hiyo ile mbinu ya kuliacha banda tupu mwezi mmoja halafu kurudisha kuku haimuui, atawasubiri.

Chagua siku yenye jua, toa kuku wote asubuhi. Toa maranda au nyasi zote za chini, viota, fito, kila kitu, hiyo takataka ichome moto mbali na banda, usiitupe nyuma ya nyumba. Kwangua kuta na maungio. Halafu chemsha maji mengi, mwagia yakiwa yanatokota kwenye kila ufa, kila tundu la msumari, kila kona, kisha sugua kwa sabuni. Acha likauke kabisa.

Likishakauka puliza dawa ya wadudu iliyoandikwa kwamba ni ya mabanda ya kuku, nyingi ni za jamii ya permethrini, na upulize kwenye nyufa sio katikati ya ukuta ambako hakuna mdudu. Kuku wasirudi mpaka dawa ikauke. Baada ya hapo ziba nyufa kwa udongo au simenti na upake chokaa ukuta mzima, chokaa inaziba vitundu vidogo na ukuta mweupe unakusaidia kuwaona wakirudi.

Halafu rudia. Maji ya moto na dawa vinaua wanaotembea lakini mayai mengine yanabaki, kwa hiyo baada ya siku tano hadi saba puliza tena, na mara ya tatu tena baada ya muda huohuo. Ukifanya mara moja tu umewapunguza, hujawamaliza.

Kuhusu fito nina neno na watu wa Iringa hasa. Tuna mianzi mingi ya ulanzi, na mwanzi uliozeeka ndo unageuzwa kuwa fito ya kuku kwa sababu haununuliwi. Mwanzi una uwazi ndani na ukikauka unapasuka, kwa utitiri hiyo ni nyumba ya ghorofa. Kama huna kitu kingine basi badilisha mianzi mara kwa mara na ya zamani uichome, ila mti laini mnyoofu uliotolewa maganda ni bora mara kumi. Fito isiguse ukuta. Isimamishe juu ya miguu yake, na kila mguu ukae ndani ya kopo lenye maji ya sabuni au oili chafu kidogo, hapo utitiri wa ukutani hana njia ya kupanda. Oili chafu inaishia kwenye kopo jamani, usimpake kuku, inachubua ngozi na akijisafisha kwa mdomo anaimeza, na mafuta ya taa nayo ni vilevile.

Mtego rahisi wa kujua kama wamerudi: kata boksi lile lenye mawimbi ndani, likunje, lifunge chini ya fito. Baada ya siku mbili tatu lichukue asubuhi, lifungue, ukikuta wamo lichome na uanze upya.

Chawa na utitiri wa kwenye kuku: hapa tibu kuku

Huku ndo unga unafanya kazi. Nunua unga ulioandikwa kwa ajili ya kuku, wa permethrini ndo napendelea. Unga wa bustani au dawa ya viazi na kabichi usithubutu, najua huku kwetu kila nyumba ina dawa ya viazi imebaki kwenye chupa, lakini nyingine zinaua kuku na zinabaki kwenye nyama na mayai unayompa mtoto.

Fanya jioni kuku wakiwa wametulia. Vaa glovu na ufunge mdomo na pua. Weka unga kwenye soksi kuukuu au kitambaa chepesi ufunge mdomo wake, mmoja amshike kuku miguu, mwingine afungue manyoya na kugongagonga ile soksi ili unga ushuke mpaka kwenye ngozi. Unga uliobaki juu ya manyoya ni hasara. Sehemu ya haja ndo ya kwanza, halafu chini ya mabawa, mapaja, mgongo na shingo, kichwani kwa tahadhari sana usiingie machoni wala mdomoni. Kuku wote siku hiyohiyo, na jogoo pia, ukimuacha mmoja umeacha mbegu.

Unga hauui mayai. Mayai ya chawa yanaanguliwa ndani ya siku nne hadi saba, kwa hiyo rudia siku ya saba hadi ya kumi, na ukikagua tena ukaona bado wapo rudia mara ya tatu. Nyasi za kiota zichome uweke mpya, banda lisafishe, chawa akidondoka nje ya kuku hamalizi wiki.

Vifaranga wadogo usiwapake unga. Chawa wa kichwani kwa vifaranga anadhoofisha sana na anaua, dawa yake ni tone moja la mafuta ya kula utosini, lipake kwa kidole, rudia baada ya wiki. Na mama yao mtibu kabla hajaanza kuatamia, maana vifaranga wanapata chawa kutoka kwake.

Kuku pia anajitibu mwenyewe ukimpa nafasi. Tengeneza sehemu kavu chini ya paa, weka udongo mkavu laini changanya na majivu ya kuni, ataoga vumbi kila siku. Wakati wa mvua kuku wengi hawana hata sehemu moja kavu ya kuogea vumbi na ndo maana chawa wanajaa. Haitoshi peke yake wadudu wakishakuwa wengi ila inazuia sana.

Pareto na utupa

Sisi tunaishi kwenye shamba la dawa. Pareto inalimwa Makete, Mufindi, Kilolo na milima ya Mbeya, kiwanda chake kipo Mafinga, na ndani ya ua lake ndo mna kiini cha dawa ya wadudu ambacho dunia nzima inakitumia, hata permethrini ilitengenezwa kwa kuiga kiini hicho. Kama unalima au jirani analima, chukua maua yaliyokauka vizuri, saga mpaka yawe unga laini kabisa, tumia kama unga wa dukani, kwa kuku na kwenye viota. Udhaifu wake ni kwamba jua na hewa vinaiua nguvu haraka, kwa hiyo saga kidogokidogo, hifadhi kwenye chombo kilichofungwa gizani, na utarajie kurudia mara nyingi kuliko dawa ya dukani.

Utupa nao wazee wanaujua, majani yanatwangwa, yanalowekwa usiku kucha, yanachujwa, maji yake yanapulizwa bandani. Yanafanya kazi, ila kumbuka mmea huu watu walikuwa wanaulia samaki, kwa hiyo maji yaliyobaki yasiende mtoni wala bwawani. Permethrini ni hivyohivyo, inaua samaki na nyuki, na wenye mizinga wapulize jioni nyuki wakiwa wamelala.

Miguu, viroboto na papasi

Utitiri wa miguu: loweka miguu kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni kama dakika kumi, sugua polepole kwa mswaki wa zamani, usibandue magamba kwa nguvu yatatoa damu. Kausha, paka vaselini au mafuta ya kula kwa wingi mpaka yaingie chini ya magamba, wadudu wanakosa hewa. Fanya kila baada ya siku mbili tatu kwa wiki tatu nne. Mguu hautarudi kuwa laini mpaka magamba mapya yaote, inachukua miezi, kuwa mvumilivu.

Viroboto wa usoni: paka vaselini juu yao pale walipoganda, usiwang'oe. Watoto wao wanakulia kwenye vumbi na takataka chini ya banda kwa hiyo fagia, choma, mwagia maji ya sabuni au dawa.

Papasi, ambao ni aina ya kupe, wao wanaishi kama utitiri mwekundu, kwenye nyufa, wanatoka usiku, na wanaambukiza ugonjwa wa damu unaoua kuku kwa homa. Dawa yao ni ileile ya banda, ziba nyufa.

Minyoo

Kuku wa kienyeji anayezurura hawezi kukosa minyoo kabisa, kazi yetu ni isiwe mingi. Ile mikubwa mirefu myeupe, sentimita tano hadi zaidi ya kumi, kuku anaipata kwa kuokota mayai yake kwenye udongo wenye kinyesi. Tegu, ile bapa, anaipata kwa kula sisimizi, mbawakawa na nzi waliomeza mayai yake. Kuna midogo ya kwenye vile vifuko viwili vya mwisho wa utumbo, hiyo ina hatari ya pekee kwa wenye bata mzinga kwa sababu inabeba ugonjwa unaowaua, kwa hiyo bata mzinga wasichanganywe na kuku. Na kuna ya kwenye koo, kifaranga ananyoosha shingo na kufungua mdomo kama anatafuta hewa.

Dalili: kukonda huku anakula, mabawa yameshuka, upanga umepauka, kuhara, vifaranga kudumaa. Kwenye kinyesi ukiona vipande kama punje za wali hiyo ni tegu. Lakini kipimo kizuri kuliko vyote ni siku ya kuchinja. Kabla hujatupa utumbo upasue kwa wembe mwanzo mpaka mwisho ndani ya beseni la maji, minyoo itaelea mbele ya macho yako na utajua ni ya aina gani. Fanya hivyo kila unapochinja, ni bure.

Kujua aina kuna maana kwa sababu dawa zinatofautiana. Paiparazini inatoa ile mikubwa ya mviringo tu, tegu haiigusi. Levamisoli inatoa aina nyingi za mviringo, hata ya kwenye koo, lakini tegu bado. Kwa tegu muulize afisa mifugo wa kata dawa yake, mwambie umeona nini kwenye utumbo, sio "nipe ya minyoo".

Namna ya kuwapa ndo penye tatizo huku kwetu. Dawa nyingi zinachanganywa kwenye maji, na kuku mkubwa anakunywa kama robo lita kwa siku au chini ya hapo, na kwenye baridi anakunywa kidogo zaidi, halafu ukimfungulia anakunywa madimbwi ya mvua na dawa yako inabaki kwenye ndoo. Kwa hiyo wafungie. Jioni toa maji bandani, asubuhi wakiwa na kiu wape maji yenye dawa, kiasi kidogo watakachomaliza ndani ya saa tatu nne, kipimo kulingana na lebo na uzito wao wote kwa pamoja. Mfano una kuku 20, wa kilo moja na nusu kila mmoja, hizo ni kilo 30 za kutibu, kwa hesabu hiyo ndo unasoma lebo. Wakimaliza ndo uwafungulie. Ukiwa na kuku wachache, bora zaidi mpe mmojammoja kwa bomba lisilo na sindano, dawa pembeni ya mdomo taratibu asipaliwe, na huyo mnyonge anayesukumwa na wenzake kwenye maji naye atapata dozi yake.

Siku mbili tatu zinazofuata kinyesi kikusanye ukichome au ukizike, maana kimejaa minyoo na mayai. Vifaranga waanze dawa wakifika wiki nane hivi, baadae kila miezi mitatu, na ipange wiki moja au mbili kabla ya chanjo ya kideri ambayo nayo ni kila miezi mitatu, hapo mwili una nguvu ya kupokea chanjo. Vifaranga chini ya miezi mitatu ndo wanaoumia zaidi, wakubwa wanajenga kinga, kwa hiyo uwanja wa vifaranga usiwe uleule wa wakubwa kama unaweza. Mbolea ya kuku rundika ichemke na kuiva kabla ya kuipeleka bustanini. Na majani mabichi wasikose, mchicha, chainizi, majani ya maboga, vitamini A inasaidia utumbo kupambana na minyoo na kiangazi ndo inakosekana.

Mayai, nyama na dawa

Kila dawa lebo inaandika siku za kusubiri kabla ya kula mayai au nyama. Zifuate, na kama lebo inasema isitumike kwa kuku wanaotaga basi isitumike. Nasema hivi hasa kwa aivamektini ya sindano ya ng'ombe ambayo watu wanadondoshea kuku shingoni kwa kukisia, inaua utitiri kweli lakini inaingia kwenye mayai, usiitumie bila daktari wa mifugo kukupa kipimo na siku za kusubiri. Mwaka 2017 Uholanzi na Ubelgiji mamilioni ya mayai yalitolewa madukani kwa sababu mabanda yalipulizwa dawa ya utitiri yenye fipronili, ambayo hairuhusiwi kwa kuku. Na sisi hatuna hata anayetupimia mayai ya uani, anayeyalinda ni wewe mwenyewe.

Kama kuku anakufa ghafla, anahara kijani, shingo inapinda, hiyo sio minyoo, fikiria kideri na umpigie afisa mifugo siku hiyohiyo. Kifaranga akihara damu fikiria koksidia, ugonjwa wa utumbo, dawa ya minyoo haitamsaidia.

Na kuku mpya kutoka mnadani au aliyeletwa zawadi na ndugu, hata awe mzuri vipi, asilale na wenzake siku ya kwanza. Mtenge wiki mbili hadi tatu kwenye tenga au kibanda chake, mkague manyoya na miguu siku hiyohiyo, mpake unga, mpe dawa ya minyoo, rudia unga baada ya wiki, na lile tenga alilokujia lichome au limwagie maji yanayotokota kabla halijaingia uani.